Siku ya kwanza angani kutoka Kisumu: yanayosemwa na yalivyo

Wengi wanaopanga safari ndefu kwa ndege ndogo hutaka siku ya kwanza ndiyo iwe ndefu kuliko zote: tangi lijae, viti vyote vinne vijae, mfike mbali. Mimi nashikilia kinyume. Ukitoka Kisumu kuelekea kusini mwa Afrika, siku ya kwanza ikomee Mwanza, takriban kilomita 330, mwendo usiofika saa mbili kwa Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne.

Kwanza, viti vinne si watu wanne, mizigo na tangi lililojaa. Lita moja ya avgas, yaani petroli ya ndege, ina kilo 0.72 hivi, kwa hiyo lita 200 ni kilo 144, sawa na watu wazima wawili. Hata omena anayokufungia shangazi kwa mapenzi lazima ipite kwenye mizani.

Watu husema Kisumu ni tambarare kando ya ziwa, basi kupaa ni rahisi. Dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Joto nalo huifanya hewa izidi kuwa nyepesi: saa nane mchana, nyuzi 30, ndege hupaa kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,000. Nakuru na Eldoret, kwa baridi yake yote, ziko juu zaidi.

Wengine husema: "Tukikwama tutatia petroli ya gari." Injini nyingi za ndege hizi zimeidhinishiwa avgas, nayo hutiwa rangi ya samawati ili isichanganywe na mafuta mengine. Alfajiri, kabla ya safari, rubani hukinga mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe kiangavu, akakiinua kwenye mwanga. Maji yakiwemo hutulia chini, tone lisilo na rangi, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Hukinga tena na tena mpaka tone liishe. Abiria wengine huona anawachelewesha. Mimi husogea karibu na kukitazama kile kikombe mpaka kiwe samawati tupu.

Kuhusu hali ya hewa, husemwa kwamba ukiondoka mapema sana umeepuka radi. Kwa milima ya Nandi na Kericho ni kweli, kwani mawingu huko hujijenga alasiri. Ziwani mambo hugeuka. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea majini, na radi huweza kudumu mpaka asubuhi. Wavuvi wa Dunga, ufuko ulio Kisumu, wanalijua hilo. Rubani husubiri ziwa litulie, kisha aondoke kabla jua halijawa kali.

Injini ikizima ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172 husonga mbele takriban kilomita 9 kwa kila kilomita moja inayoshuka, ndiyo maana njia nzuri hufuata ufuko na visiwa. Jaketi la kuokolea huvaliwa tangu mwanzo, lakini hulijazi upepo mpaka utoke nje ya ndege. Ukilijaza ndani, litakubana juu darini maji yakiingia.

Pasipoti na forodha havikwepeki, hata kwa ndege yako mwenyewe: Kisumu unagongewa muhuri wa kutoka, Mwanza wa kuingia. Kisha ndege hufungwa kamba ardhini mapema, mchana ukiwa bado upo wa kupima oili na kukagua magurudumu.