Je, wajua kwa nini mtoto huangua kicheko ng'ombe akiwika?

Mpwa wangu bado hajafikisha miaka mitatu. Anaishi Tandika, Dar es Salaam, mtaa ambao kuku hujificha jua chini ya bajaji na mbuzi hupanda kibarazani bila hodi, kama mtu aliyekuja kudai hela yake. Jumapili moja nilikunja karatasi, nikashona katikati kwa uzi, nikamchorea kitabu. Mimi si mchoraji. Ng'ombe wangu alifanana na kochi lenye pembe. Maneno yalikuwa machache: "Ng'ombe kaamka. Kanyoosha shingo. Kafungua mdomo. Kasema..." Nikafunua ukurasa: "Kokorikoooo!"

Alicheka mpaka akabingirika kwenye mkeka. Mdogo wake wa miezi 9 aliniangalia kidogo, akarudi kutafuna kona ya kitabu. Dada yao wa darasa la tatu alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari.

Kitabu ni hicho hicho, msomaji ni yule yule. Mbona kacheka mmoja tu?

Kwa sababu kosa halichekeshi mpaka uwe unajua sahihi. Wa miezi 9 hajui bado kwamba ng'ombe ana sauti yake na jogoo ana yake. Kwake yeye, ng'ombe anayewika ni habari kama habari nyingine. Wa darasa la tatu amelijua hilo siku nyingi, halimtoi tena jasho. Lakini huyu wa katikati amelijua juzi tu. Elimu bado ina moto, na wewe mtu mzima unakuja kuikosea mbele yake. Anachocheka ni ushindi: kaligundua kosa kabla hujamwambia.

Mshairi wa Urusi Kornei Chukovsky, aliyeishi kati ya 1882 na 1969, aliyaona hayo nyumbani kwake. Binti yake akiwa na miezi 23 alimjia akiwa na uso wa mtu aliyeficha kitu, akamwambia mbwa analia nyau. Kisha akacheka, akimwalika baba naye acheke. Baba akaingia kwenye mchezo, akasema basi jogoo naye anabweka. Chukovsky aliandika baadaye kwamba siku ile ndipo alipoelewa kwa nini mashairi ya watoto ya mataifa mengi yamejaa mambo yaliyopinduliwa miguu juu. Mtoto akishashika utaratibu wa dunia, huupindua ili ajihakikishie kwamba kweli kaushika.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul McGhee, alipanga utani wa watoto kwa hatua. Karibu na miaka miwili mtoto hufurahia kukiita kitu jina lisilo lake. Karibu na miaka mitatu huchekea kisichowezekana, tuseme punda aliyevaa kandambili. Maneno yenye maana mbili huja baadaye sana, kama miaka saba hivi. Nililijaribu hilo kwa dada mkubwa. Kiswahili kinasema kuku anayetaka kutaga "hutetea". Nikamchorea kuku amevaa joho la wakili, amesimama kizimbani karibu na mbuzi aliyeshtakiwa kwa kula mchicha wa watu. Chini nikaandika: "Kuku anatetea." Alitulia sekunde mbili, halafu akapiga kelele. Yule wa katikati safari hii ndiye aliyetabasamu kwa adabu.

Mambo ya kufundishia watoto kwa sauti za wanyama si ya leo. Mwaka 1658, huko Nuremberg, mwalimu kutoka Moravia aitwaye Comenius alichapisha kitabu cha picha cha watoto, "Orbis Sensualium Pictus", na mwanzoni mwake aliweka alfabeti ya wanyama wanaolia. Mwanakondoo alipewa B kwa sababu ya mlio wake. A ilikwenda kwa kunguru, ndege ambaye sisi wa Dar hatuhitaji kitabu ili tumfahamu.

Ila mnyama ni mmoja na masikio ni mengi. Jogoo wa Ufaransa anawika "cocorico", wa Ujerumani "kikeriki", wa Japani "kokekokko", na wa Uingereza ana wimbo mrefu kabisa, "cock-a-doodle-doo". Koo la jogoo ni lile lile. Kila lugha inaukamata mlio kwa silabi ilizonazo, na sisi ambao silabi zetu hupenda kuishia na irabu tukapata kokoriko. Ndiyo maana kitabu cha wanyama cha nje kikitafsiriwa kivivu hufa mikononi. Mfasiri anabeba maneno yote anaacha mlio wa kigeni mahali pake, na mtoto wa Tandika hawezi kucheka kosa la mlio ambao hajawahi kuusikia ukiwa sahihi.

Sasa, kwa nini wanyama wa kufugwa, na si simba na tembo tunaowauzia watalii? Sababu ni hiyo hiyo ya ujuzi. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini hao hawakuwahi kulala Manzese. Dar ni jiji ambalo mbuzi anasubiri kuvuka barabara pamoja na wanafunzi. Ng'ombe ni haba kidogo. Wengine wamefungwa mabandani wakikatiwa majani, wengine mtoto huwaona juu ya lori likielekea mnada wa Pugu. Simba yeye kamjua kwenye jezi. Mtoto hajui simba huwa na tabia gani anapoamka asubuhi, kwa hiyo hata ukimvisha simba aproni hana cha kulinganisha. Mbuzi anamjua: mwizi, mkaidi, macho makavu. Mpe mbuzi nafasi ya ualimu mkuu uone.

Na lugha yenyewe imeshafanya nusu ya kazi. Tunasema kumshauri mtu asiyesikia ni kumpigia mbuzi gitaa. Mtu mzima hupita juu ya msemo huo bila kuona kitu, lakini mtoto huiona picha nzima: mbuzi kakaa kwenye stuli anatafuna, mpiga gitaa analia machozi. Hapo kitabu kipo tayari, bado rangi tu.

Rangi nayo ina bei, na bei ndiyo inayoamua kichekesho kiwe kirefu kiasi gani. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32. Wachapaji hutumia karatasi kubwa wanayoikunja: ukiikunja mara moja unapata kurasa 4, mara mbili 8, mara tatu 16, mara nne 32. Kurasa 33 zingewalazimu kuanza karatasi nyingine kwa ajili ya utani mmoja. Picha za rangi huchapwa kwa wino wa aina nne, na gharama hupanda, ndiyo maana vitabu vyetu vingi vya watoto huishia kurasa 16 au 24. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa hapa Dar mwaka 1991 uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa mashuleni, ili mchapishaji asibaki na mzigo stoo.

Ndani ya kurasa hizo kuna hila moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kufunua. Ukurasa wa kulia ndio wa mwisho kuonekana kabla mkono haujageuza, kwa hiyo swali huwekwa pale: "Kafungua mdomo. Kasema..." Jibu hujificha nyuma ya karatasi. Ukiliweka jibu ukurasa unaotazamana na swali, jicho la mtoto litaliona kabla hujafika, na utani umeoza. Wasimulizi wetu wa ngano walifanya hivyo hivyo kwa kunyamaza. Bibi akifika pale fisi anapoingiza kichwa kwenye mtungi, ananyamaza, anasogeza kuni. Karatasi imechukua kazi ya kuni.

Hila ya pili ni picha kubishana na maneno. Maneno yanasema: "Mbuzi hajala chochote leo." Picha inaonyesha kamba ya nguo, na juu yake imebaki nusu ya kanga. Nusu hiyo imeandikwa JAPO SIPATI. Nusu ya pili, TAMAA SIKATI, inaning'inia mdomoni mwa mbuzi. Msomaji anayefuata herufi anadanganywa, na asiyejua kusoma ndiye anayeujua ukweli. Kwa mtoto anayekatazwa na kuelekezwa kutwa nzima, hakuna raha kama kumshika mjomba wake akisoma uongo. "Kala! Kala kanga ya mama!" Na mbuzi hachapwi, kwa hiyo mtoto anaona utundu wake mwenyewe ukifanywa na mwingine bila fimbo kufuata. Sungura wa ngano zetu amekuwa akifanya kazi hiyo miaka yote.

Usishangae mtoto akidai "tena" mara tano mfululizo. Mshangao uliisha mara ya kwanza. Zinazobaki anachekea ile subira ya kujua kinachokuja wakati wewe unajifanya hujui. Nilipochoka, mara ya sita nilisoma sawasawa: ng'ombe akasema mooo. Nilinyang'anywa kitabu.

Nililala hapo hapo Tandika. Alfajiri jogoo wa jirani akawika dirishani, na sauti ndogo ikatoka ndani ya chandarua:

"Anko, ng'ombe kaamka."