“Lakini Daktari, Mbona Alichanjwa?”

Wiki iliyopita niliwekewa tena mezani kadi ya chanjo yenye stika moja tu, iliyobandikwa mbwa alipokuwa na wiki sita, na kando ya kadi hiyo alilala mtoto wa mbwa mwenyewe, sasa ana wiki kumi, macho yamedidimia na mkia umelowa damu. Kipimo cha parvo, kirusi kinachoharibu utumbo wa mbwa, kilitoa mistari miwili, yaani anacho, kabla sijamaliza kumtundikia dripu. “Lakini daktari, mbona alichanjwa?” aliniuliza mama mwenye mbwa, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Ni swali la tatu la aina hiyo mwezi huu, nami nimechoka kulijibia mlangoni huku mgonjwa mwingine akisubiri, basi nalijibu hapa.

Kwanza niyaondoe njiani yale mepesi. Dawa ya minyoo si chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huzuia kichaa cha mbwa, haigusi parvo wala distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa, ule ulioua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Vitunguu saumu havizuii chochote, na vikizidi humdhuru mbwa damu yake.

Sasa tuje kwenye lenye uzito. Mtoto wa mbwa huzaliwa na kinga kidogo mno, na sehemu kubwa ya ile anayoishi nayo huinyonya katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya siku ya kwanza, kabla utumbo wake haujaacha kupitisha kingamwili za mama, yaani askari wa mwili wanaopambana na magonjwa. Kingamwili hizo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Wakati zipo, hupambana na kirusi cha parvo, lakini hupambana pia na kirusi kilichodhoofishwa kilichomo ndani ya chanjo, kwa sababu hazina namna ya kutofautisha adui na mwalimu. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayewaambia watu kipande kinachofuata: kingamwili chache zisizotosha tena kuzuia ugonjwa huweza bado kutosha kuibatilisha chanjo. Hupita siku kadhaa, pengine wiki mbili na zaidi, ambapo mtoto hakingwi na mama yake wala na sindano yako.

Siku hizo hazifanani hata kwa ndugu wa uzao mmoja. Yule kibonge aliyewahi chuchu na kushiba dang'a, ambaye kila mnunuzi humnyooshea kidole, ndiye ambaye chanjo ya wiki sita ina nafasi kubwa zaidi ya kupotea bure ndani yake, ilhali mdogo wake aliyesukumwa pembeni huenda chanjo ikamshika mapema, endapo parvo haitamtangulia. Ndiyo maana tunachanja kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, tukarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mbwa afikishe wiki 16 au azidi. Dozi hizo haziongezani nguvu kama vijiko vya sukari. Kila moja ni jaribio jipya la kuukuta mlango wazi. Anayeniambia ana fedha ya dozi moja tu humshauri aichome katika wiki ya 16, na hapo hunitazama kana kwamba nimemtania.

Nikiri jambo. Nikimwona mbwa wa kadi yenye stika moja, siwezi kuapa kwamba kingamwili za mama ndizo zilizoharibu kazi. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, ikipata joto huharibika, na nimewahi kuletewa kichupa kilichotoka duka la dawa za mifugo kikiwa kwenye mkoba, katikati ya foleni na joto la Dar es Salaam la mwezi Februari.

Mpaka dozi ya mwisho, mbwa asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua, na viatu vya nje viishie getini, vikiwemo vya mlinzi ambaye kwake nako kuna mbwa. Zamani niliamuru afungiwe kabisa hadi wiki 16. Baadhi ya mbwa hao walirudi kwangu wakubwa, wanauma kila mgeni, kwa kuwa walikosa kuizoea dunia katika umri ambao mbwa huizoea. Siku hizi nasema mbebe mikononi, aone bodaboda, asikie adhana, acheze na mbwa mzima aliyekamilisha chanjo. Najua hatari haijaisha hapo, na mstari ninaouchora hubadilika kulingana na mtaa.

Mama yule aliniuliza kama anaweza kuchukua mwingine mwezi ujao, kwa banda lile lile. Parvo hukaa kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi, hata mwaka. Sakafu ya saruji aisugue kwa sabuni kwanza, kisha kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe 20 vya maji, ikae dakika kumi, kwa maana jiki juu ya kinyesi haifanyi kitu. Udongo wa chini ya mwembe, pale alipokuwa akilala yule wa kwanza, sina dawa yake. Nimemwambia achukue mbwa mzima aliyechanjwa.