Maua ya zukini yakidondoka, mmea hauumwi

Wengi wakiona maua ya kwanza ya zukini, aina ya boga dogo, yakidondoka bila kuacha tunda, hukimbilia mbolea au dawa. Tafadhali, subiri kwanza. Shina moja huchanua maua ya kiume na ya kike, kila moja peke yake, na aghalabu ya kiume hutangulia. Hayo hayazai kamwe. Kudondoka ndiyo kawaida yake. Litazame ua kwa nyuma: la kike limebeba kitunda kidogo, la kiume lina kikonyo chembamba tu. Na mbolea yenye naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ukiizidisha, utavuna majani badala ya matunda.

Kitunda kikinyauka na kuoza nchani, mara nyingi ni kwamba nyuki hawakufika. Hapo chuma ua la kiume lililofunguka asubuhi, upake chavua yake, yaani unga wake wa manjano, katikati ya la kike. Wahi, kwa maana ua hufunga siku hiyohiyo.