Joto Lililomo Ndani ya Sauti: roki mbadala na huzuni ya kiangazi

Sikiliza mwanzo wa "Black Hole Sun" ya Soundgarden, bendi ya Seattle, Marekani, kabla mwimbaji wao Chris Cornell hajaanza kuimba. Gitaa linapigwa uzi mmojammoja, taratibu, na kila noti inayumba. Haitulii pale ilipowekwa. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama lami inavyocheza machoni saa saba mchana. Hakuna aliyetaja jua wala joto, na tayari joto limekufikia.

Kazi yangu ni kuchanganya sauti studioni, na kwa muda mrefu nimekuwa nikizifuatilia nyimbo za roki mbadala, ile roki ya magitaa iliyokulia nje ya mkondo mkuu, zinazohusu kiangazi na majonzi yake. Watu wengi huzieleza nyimbo hizi kwa maneno yake. Mimi naamini joto lake limo kwenye sauti yenyewe: kwenye noti zisizosimama mahali pamoja, nyuzi zilizolegezwa, mapigo yanayokataa kukimbia. Maneno huja baadaye kuthibitisha kile ambacho sikio limeshakijua.

Kuyumba kule kwa gitaa la Cornell kunatokana na spika ya Leslie. Donald Leslie, Mmarekani, aliitengeneza miaka ya 1940 ili itumike na kinanda cha Hammond. Ni kabati kubwa la mbao. Ndani yake mna honi inayotoa sauti za juu na pipa linaloelekeza sauti nzito, na vyote viwili vinazungushwa na mota. Honi ikielekea kwenye maikrofoni, mawimbi ya sauti hubanana na noti hupanda kidogo. Ikigeukia upande wa pili, mawimbi huachana na noti hushuka. Ni fizikia ileile inayoifanya honi ya lori ishuke ghafla lori linapokupita barabarani. Siku hizi tunaiga mzunguko huo kwa pedali au kwa programu, na mara nyingi kazi inakubalika, lakini kuna jambo ambalo waigaji wa haraka hulisahau: honi na pipa havizunguki kwa kasi moja. Sauti za juu zinayumba kwa mwendo wake, sauti nzito kwa mwendo wake, na sikio linakosa pa kushika. Hapo ndipo kizunguzungu cha jua kali kinapotoka.

Wimbo huu uko kwenye albamu "Superunknown," iliyotoka Machi 1994 na kutayarishwa na Michael Beinhorn pamoja na bendi yenyewe. Gitaa limetyuniwa kwa uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, kushushwa kutoka noti ya E hadi D. Uzi uliolegezwa namna hiyo ukipigwa kwa nguvu huruka juu kidogo ya noti yake kisha unarudi, na hiyo ni sababu nyingine ya kila kitu kuonekana kinayeyuka. Kordi nazo hazikai kwenye ufunguo mmoja. Kila unapodhani umefika nyumbani, sakafu inasogea. Kisha kiitikio kinaingia na magitaa mazito, na Cornell anaomba jua lililo jeusi kama shimo lije liioshe mvua. Katika beti kuna joto linalochemka, uvundo wa kiangazi, anga lililokufa. Mwenyewe alieleza kwamba maneno hayo hayakubeba kisa maalumu, na kwamba jina la wimbo lilimjia baada ya kuyasikia visivyo maneno ya mtangazaji wa habari. Namwamini. Wimbo huu haukuhitaji kisa, kwa sababu gitaa lilikuwa limeshamaliza kusimulia.

Upo ushahidi mzuri wa hilo. Cornell alifariki Detroit tarehe 18 Mei 2017, usiku baada ya onyesho la bendi yake katika ukumbi wa Fox Theatre. Siku chache baadaye mwimbaji na mpiga piano Norah Jones alipanda jukwaa la ukumbi huohuo na kuupiga wimbo huu kwa piano peke yake. Piano haiwezi kuyumbisha noti: nyundo ikishagonga uzi, noti inabaki ilipo mpaka ife. Maneno ni yaleyale, uvundo na mchemko vipo, lakini joto limeondoka lote. Kilichobaki ni sala ya mazishi. Naupenda sana upigaji ule, na sijasikia jambo jingine linaloonyesha kwa uwazi kiasi hicho kazi iliyokuwa inafanywa na ile spika ya kuzunguka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kuuliza: Seattle kuna joto gani? Mwezi Julai, mchana wa kawaida hapo hufika nyuzi 25 hivi. Kwa mtu wa pwani hiyo ni nafuu ya kipupwe. Lakini kiangazi cha kaskazini hakipimwi kwa nyuzi tu. Kinakuja baada ya miezi ya mawingu, manyunyu na giza linaloingia saa kumi na nusu jioni. Ghafla jua linatua baada ya saa tatu usiku, shule zimefungwa, kila mtu yuko nje, na kila mtu anatarajiwa kuwa na furaha. Mwenye huzuni wakati wa baridi ana wenzake, na hali ya hewa inamtetea. Mwenye huzuni mwezi Julai hana kisingizio. Anakaa peke yake katikati ya mwanga.

Video ya "Black Hole Sun," iliyoongozwa na Howard Greenhalgh, imelijenga wazo hilo kwa ukatili. Ni mtaa safi wa pembezoni mwa mji, nyasi zimekatwa, nyama inachomwa uani, na wakazi wanatabasamu kwa vinywa vilivyovutwa kupita uwezo wa mwanadamu, mpaka jua linageuka jeusi na kuwameza. Yale matabasamu ndiyo yanayotisha kuliko jua.

Kuna tawi jingine la Marekani ambalo joto lake ni la kweli kabisa, jangwa la kusini mwa California. Vijana wa Palm Desert walikuwa wakibeba jenereta hadi jangwani na kupiga muziki usiku, mbali na majirani. Kundi la Kyuss lilitoka huko, na albamu yao "Blues for the Red Sun" ya mwaka 1992 ina sauti nzito kama hewa isiyo na upepo. Mpiga gitaa wao, Josh Homme, alishusha gitaa lote hadi C na kulipitisha kwenye amplifaya za besi, ambazo spika zake kubwa hukata ukali wa sauti za juu. Kwa fundi wa sauti ni somo zuri. Ila mimi humo nasikia uzito, sisikii majonzi, kwa hiyo napita.

Huzuni ya joto niliyoipenda kuliko zote inatoka Australia.

The Triffids walikuwa bendi ya Perth, mji ulio peke yake magharibi mwa bara lile. Ili wapige Sydney au Melbourne iliwapasa kuvuka nchi nzima kwa barabara. Mtunzi wao, David McComb, alieleza kwamba wimbo "Wide Open Road" unachora kipande cha njia kati ya Caiguna na Norseman, ambako Hiace yao ilikuwa ikigongana na kangaruu mara kwa mara. Nikisoma habari hiyo huwa naiona picha vizuri, maana Hiace ni gari ambalo Mtanzania amesafiria maisha yake yote. Lakini hakuna daladala yetu iliyowahi kukutana na njia kama ile. Kati ya Caiguna na Balladonia barabara imenyooka kilomita 146 bila kona hata moja.

Wimbo umejengwa jinsi barabara hiyo ilivyo. Mdundo wa mashine unaanza na hauna haraka, hauna mapambo, unakwenda tu. Kinanda kinashikilia noti ndefu chini yake. Juu yake kuna gitaa la chuma la Graham Lee, lile linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Kwa kuwa chuma kinateleza, noti haiachi pengo kati yake na inayofuata. Inayeyukia ndani ya mwenzake. Cornell alipata mtikisiko kwa mota, Lee aliupata kwa mkono.

Halafu kuna nafasi. Hapa naomba subira, kwa sababu jambo hili hunishangaza kila mara. Jangwani hakuna mwangwi. Ukipaza sauti katika uwanda ulio wazi, hakuna ukuta wa kuirudisha; sauti inaondoka na haiji tena. Kwa hiyo rekodi ya kweli ya uwazi ingekuwa kavu kabisa, mtu na kinywa chake tu. Lakini sikio la msikilizaji halikubali. Ukitaka alione jangwa, inabidi umpe mwangwi wa ukumbi mkubwa, mrefu, unaochelewa kidogo kuanza baada ya neno, ili ubongo uhesabu umbali. Sauti ya McComb imewekwa katika mwangwi wa aina hiyo. Kwa kanuni za fizikia ni uongo, na bado hakuna kitu kinachosikika kikiwa wazi zaidi. Anayeimba ameachwa na mpenzi wake, na sasa njia zote zimefunguka mbele yake, anaweza kwenda popote atakapo. Uhuru huo ndio adhabu yake.

Albamu hiyo, "Born Sandy Devotional," ilitoka mwaka 1986. Picha ya jalada ilipigwa kutoka angani mwaka 1961, ni Mandurah, pwani ya kusini mwa Perth: mchanga, maji, nyumba chache. Lakini muziki wenyewe ulirekodiwa London, chini ya mtayarishaji Gil Norton. Jua lote lile lilitengenezwa katika mji wa mvua na watu waliolikosa.

Hawakuwa peke yao. Miaka michache kabla, Grant McLennan wa The Go-Betweens, bendi nyingine ya Australia, alikuwa London pia alipotunga "Cattle and Cane," akitumia gitaa la kuazima la mwanamuziki mwenzake Nick Cave. Wimbo ulitoka mwaka 1983. McLennan alikulia Queensland, na alifiwa na baba yake akiwa bado mtoto mdogo. Katika wimbo kuna mwanafunzi anayerudi nyumbani kupitia mashamba ya miwa, nyumba ya bati na mbao, saa ya baba iliyosahaulika bafuni, na majivu yanayodondoka kutoka angani. Msomaji wa Kilombero hahitaji kuelezwa majivu hayo: shamba la miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na weusi unatua hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Mapigo yake ni kumi na moja kwa kila mzunguko, yaani matano, kisha mawili, kisha manne. Ngoma za Lindy Morrison zinapita juu ya hesabu hiyo bila kuionyesha kidole, ndiyo maana hausikiki kama mtihani wa hesabu. Unasikika kama mtu anayekumbuka: anakwenda, anasita, anaendelea. Kuna joto kwenye wimbo huu, ila ni joto la mtu aliyelipoteza, na kwangu ni mojawapo ya nyimbo bora kabisa zilizowahi kutungwa kuhusu mahali.

"Beds Are Burning" ya Midnight Oil, nao wa Australia, ya mwaka 1987, hutajwa kila orodha ya joto inapoandikwa, na ni kweli nyuzi 45 za jangwa la magharibi zimo ndani. Lakini ule ni wimbo wa madai ya ardhi. Mwaka 1986 bendi ilizunguka jamii za Waaborijini pamoja na Warumpi Band, na ikarudi na hoja moja iliyo wazi: ardhi ya Wapintupi, mojawapo ya jamii hizo, irudishwe. Joto limewekwa pale kama shahidi. Ni kazi ya heshima, ila si majonzi ya kiangazi.

Zipo pia nyimbo za Septemba, mwezi ambao kiangazi cha kaskazini kinakwisha. "Wake Me Up When September Ends" ya Green Day ni wimbo wa Billie Joe Armstrong kwa baba yake aliyefariki Septemba 1982. Msiba ndio kiini, majira ni tarehe tu. "Nightswimming" ya R.E.M., ya mwaka 1992, ndiyo inayostahili muda wako. Haina ngoma, haina gitaa. Ni piano ya Mike Mills inayozunguka duara lilelile, sauti ya Michael Stipe, ala za nyuzi zilizopangwa na John Paul Jones aliyekuwa wa bendi ya Led Zeppelin, na obo, ala ya kupuliza, ya Deborah Workman. Wanaoiweka kwenye orodha ya nyimbo za joto naona hawajaisikiliza vizuri. Watu wanaogelea usiku, Septemba imekaribia, na kila noti ya piano imesimama imara pale ilipogongwa. Hakuna kinachoyeyuka humo. Obo pekee, inapoingia, ndiyo inayopinda noti zake kwa pumzi ya mpigaji. Mimi nikiuchezea wanafunzi wangu wimbo huo, nawaomba waisubiri obo, wanieleze baridi ya maji imebadilika vipi.