"Niandikie jina la dini": dhana potofu kuhusu majina ya watoto wetu

Naandikisha vizazi hapa Mwanza, na kutwa nzima nashinda na majina: nayasoma, nauliza yalikotoka, nabishana na wazazi juu yake. Hivi karibuni alikuja mama na kadi ya kliniki ambayo kwenye mstari wa jina palikuwa pameandikwa kwa penseli "Mabula". Jina hilo lilikuwa limesuguliwa na kifutio mpaka karatasi ikakwanguka, na juu yake pameandikwa kwa wino: "Martin". Nikamuuliza Mabula ni nani. Akasema ni jina ambalo mtoto alipewa na bibi yake mzaa baba, "lakini hilo ni la kienyeji, la kipagani. Wewe niandikie jina la dini." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi.

Dhana: jina la asili ni la kipagani, la Kizungu ndilo la Kikristo

Tuanze na hayo mawili yaliyogombania mstari mmoja. Mabula linatokana na *mbula*, yaani mvua kwa Kisukuma. Ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua. Wa kike huitwa Kabula. Hapo hamna mzimu wala tambiko, ni hali ya hewa ya siku ile. Martin je? Linatoka kwenye Kilatini, Martinus, maana yake "wa Mars", na Mars alikuwa mungu wa vita wa Warumi. Hata Mtakatifu Martin wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake vipande viwili ampe maskini, alipewa jina hilo na baba asiyekuwa Mkristo. Mama yule alifuta mvua akaandika mungu wa vita, huku akiamini anakimbia upagani.

Na Martin hayuko peke yake. Denis ni "wa Dionysus", mungu wa mvinyo wa Wagiriki. Isidori ni "zawadi ya Isis", mungu wa kike wa Misri ya kale. Demetrio anatoka kwa Demeter, mungu wa kike wa mavuno. Fungua Biblia yenyewe: Mordekai, mlezi wa Esta, ana jina linalotokana na Marduk, mungu mkuu wa Babeli. Apolo wa Matendo ya Mitume, sura ya 18, na Fibi wa Warumi, sura ya 16, wote wana majina yaliyotoka kwenye miungu ya Wagiriki. Paulo aliwasifu wote wawili, na hakuna mahali alipowaambia wabadilishe majina. Majina haya hayakuzaliwa matakatifu. Yaliheshimika kwa sababu ya watu walioyabeba.

Kwa anayedhani hilo liliwezekana kwa Wagiriki na Warumi tu, atazame ziwa hili la Victoria tunaloliona kila siku. Katika imani ya jadi ya Waganda, Mukasa ndiye mwenye ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa kwa ajili ya imani yake Novemba 1885, na mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21, akiwamo kijana Kizito. Alitangazwa akiwa na jina lake lilelile, Mukasa. Leo Mkatoliki wa Mwanza anamwita mwanawe Kizito bila wasiwasi wowote, halafu anaona haya kumwita Mabula. Kizito nalo ni jina la kienyeji, ila limetoka ng'ambo ya pili ya ziwa.

Mfano mwingine ni wa Butiama, mkoa wa jirani. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua kwa Wazanaki, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Alipobatizwa mwaka 1943 akachukua jina la Julius, ambalo ni la ukoo wa Kirumi wa Julius Caesar, ukoo uliojisifu kuwa umetokana na Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Aliyatumia yote mawili maisha yake yote, na aliishi na kufa Mkatoliki wa kwenda misa.

Najua dhana hii ilikotoka. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka padre ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, yeye mwenyewe aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Babu na bibi zetu walibatizwa chini ya sheria hiyo, wakaturithisha. Lakini sheria ya sasa, ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Mvua si ngeni kwa Mkristo yeyote. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina. Haisemi liwe la dini.

Sisemi Martin ni jina baya, ni jina zuri. Mwite Martin Mabula na bibi afurahi. Ninachokataa ni kifutio.

Dhana: Milton, Clifford na Stanley ni majina ya Kikristo

Ni majina ya mahali, ya Kiingereza cha kale. Milton ni kijiji cha katikati au chenye kinu, Clifford ni kivuko kando ya jabali, Stanley ni uwanda wenye mawe. Ukimwita mwanao Stanley katika mji huu wa mawe, jina linaendana na mahali, ila usiniambie ni la dini.

Dhana: jina la Kiarabu ni la Kiislamu

Abdallah lilikuwa jina la baba yake Mtume Muhammad, aliyefariki kabla mwanawe hajazaliwa, sembuse Uislamu kuhubiriwa. Waarabu Wakristo wa Lebanoni na Misri huitwa Salim, Habib na Jamil. Na Jumanne si jina la dini: ni siku ya wiki kwa Kiswahili, na Wasukuma Wakristo wenye jina hilo wamejaa tele.

Dhana: maana iliyo kwenye intaneti ndiyo maana halisi

Wazazi wananionyesha simu: "Vanessa maana yake kipepeo." Hapana. Vanessa lilitungwa na mwandishi wa Ireland, Jonathan Swift, mwanzoni mwa karne ya 18, kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh: akachukua "Van" ya jina la ukoo, akaliunganisha na kifupi cha Esther. Mwaka 1807 ndipo mtaalamu wa wadudu, Fabricius, alipowapa jina hilo vipepeo wa aina fulani. Kwa hiyo kipepeo ndiye aliyeitwa Vanessa. "Nyota ya bahari" kama maana ya Maria nayo ilitokana na kosa la kunakili Kilatini, ambapo *stilla*, yaani tone, iligeuka *stella*, nyota. Wataalamu wa Kiebrania bado wanabishana juu ya maana yenyewe.

Ushauri wangu ni huu: kama una bibi aliye hai, muulize yeye kwanza. Bujiku amezaliwa usiku, Magembe wakati wa majembe, Shija amewafuata mapacha. Kwa majirani zetu Wajaluo, Okoth ni wa mvua na Achieng' ni wa jua la mchana. Maana hizi bado zina mashahidi. Ziandike nyuma ya kadi, pamoja na jina la aliyelitoa.

Dhana: jina la taabu huleta nuksi

Shida, Tabu, Makoye. Watu wazima wanakuja kutaka kuyafuta, wakisema ndiyo yaliyowafunga maisha. Majina haya yanaeleza yaliyoipata familia mwaka ule. Hayakumpangia mtoto chochote. Nyerere ni viwavi kwa Kizanaki, wadudu waliovamia mwaka aliozaliwa baba yake Mwalimu. Mtoto yule wa mwaka wa viwavi akawa mtemi, na mwanawe akawa rais.

Dhana: Yohana na John ni majina mawili tofauti. Au: ni moja, kwa hiyo andika lolote

Nakutana na pande zote mbili, na zote zinaumiza watu. Kwa asili ni jina moja la Kiebrania, Yohanan, "Mungu ameonyesha neema". Jean, Juan, Giovanni na Ivan ni lilelile, na Yahya wa Kurani ndiye huyohuyo. Hata Yakobo na James ni jina moja. Lakini karani hasomi asili, anasoma herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Yohana, cheti cha kidato cha nne kikisema John, utakula kiapo mbele ya wakili ukiwa na haraka ya chuo, pasipoti au mafao.

Kwa hiyo kabla ya kuja kwangu, wazazi kaeni mkubaliane herufi kwa herufi. Kama ni Ng'wandu, ritifaa (ile alama baada ya Ng) iwepo kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti na kwenye daftari la shule. Mkishaandika, msibadilishe. Na njooni na kalamu ya wino.