Skani ya kompyuta zisizo kwenye domeini: kwa nini orodha inarudi tupu

Kompyuta zikiwa kwenye domeini, yaani mtandao ambao seva kuu inasimamia akaunti za wote, akaunti moja ya msimamizi inatosha kukusanya orodha ya kompyuta za ofisi nzima na taarifa zake. Nje ya domeini kila kompyuta inawajua watumiaji wake yenyewe tu. Ndiyo maana unaweza kuskani anwani zote 254 za mtandao, ukaona mashine zinaitikia ping vizuri, lakini serial namba, RAM na programu zake hazionekani.

Soma kwanza kosa lililoandikwa. 0x800706BA inasema seva ya RPC (huduma ya Windows inayopokea maombi kutoka kompyuta nyingine) haipatikani: mara nyingi ombi limezuiwa na fayawoli. 0x80070005 ni jambo jingine kabisa: umefika mlangoni, ukanyimwa ruhusa. Ukichanganya haya mawili utabadilisha nenosiri mara tano, kumbe tatizo ni porti.

Tuanze na fayawoli. WMI, huduma ya Windows ambayo skani huiuliza taarifa za mashine, hupiga hodi porti ya TCP 135, kisha huhamia porti nyingine inayopangwa palepale, kati ya 49152 na 65535. Kufungua 135 peke yake hakusaidii. Kwenye kompyuta inayoskaniwa, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, uandike:

netsh advfirewall firewall set rule group="windows management instrumentation (wmi)" new enable=yes

Kwa mashine isiyo kwenye domeini, kwa kawaida kanuni hiyo inakubali maombi ya subneti yake (kipande chake cha mtandao) tu. Kama skana, yaani kompyuta inayofanya skani, iko subneti nyingine, ingia kwenye kanuni yenyewe, sehemu ya Scope, uongeze IP ya skana.

Sasa lile linalowasumbua wengi: jina sahihi, nenosiri sahihi, akaunti ni ya msimamizi, na bado 0x80070005. Hapo ni UAC, ulinzi wa Windows unaodhibiti haki za usimamizi. Akaunti ya ndani ikiingia kupitia mtandao, Windows huivua haki za usimamizi hata kama imo kwenye kundi la Administrators. Ile akaunti ya Administrator iliyokuja na Windows kwa kawaida haiguswi, ila mara nyingi imefungwa. Dawa ni kwenye rejista:

HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System

Ongeza DWORD (thamani ya namba) iitwayo LocalAccountTokenFilterPolicy, thamani 1. Kwenye skana andika jina kamili, la kompyuta kisha la akaunti, mfano UHASIBU-03\skani. Akaunti isiyo na nenosiri haitapita. Windows haiiruhusu kuingia kwa mtandao.

Thamani hiyo ya 1 ina gharama yake. Ukitumia nenosiri lilelile kwenye mashine zote, anayeiteka moja anaweza kuzifikia zote. Kila kompyuta iwe na lake, refu, na skana ihifadhi kila moja kivyake. Ni kazi ya kuchosha, lakini usiiruke.

Jaribu mashine moja kabla ya zote. Kutoka kwenye skana, kwa PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.25 -Port 135

Ukiona TcpTestSucceeded: True, njia ya kwanza iko wazi.

Kompyuta za kuunganishwa mtaani zitakupa serial namba isemayo "To be filled by O.E.M.", zote sawasawa, na programu inaweza kuzihesabu kama mashine moja. Kwa hizo tumia anwani ya MAC ya kadi ya mtandao iliyo ndani, pamoja na lebo uliyobandika kwenye kasha. Laptopu za watu wa safari usizisubiri kwenye skani: wawekee skripti inayosoma taarifa mashine inapowashwa na kuziacha kwenye folda ya seva wakirudi ofisini.