Upigaji picha mseto wa moyo: maana yake

Upigaji picha mseto wa moyo ni uchunguzi ambao picha mbili za mbinu tofauti, moja ikionyesha umbo la mishipa na nyingine ikionyesha damu inavyoufikia msuli wa moyo, huunganishwa kwa kompyuta zikawa picha moja. Kuweka majibu ya vipimo viwili katika faili moja la mgonjwa si mseto. Mseto hupatikana pale mshipa unapoonekana juu ya sehemu ileile ya msuli unayoilisha.

Haja ya kufanya hivyo ni kwamba mshipa kuwa mwembamba ni jambo moja, na msuli kukosa damu ni jambo jingine. Ateri za koronari, yaani mishipa inayolisha msuli wa moyo, hupungua njia pale mafuta na chokaa vinapojijenga ndani ya kuta zake. CT skani inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa yenye ayodini huonyesha mabadiliko hayo vizuri, na ikikuta mishipa ni safi, daktari huweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba maumivu ya kifua hayatokani na kuziba kwa ateri hizo. Ugumu huanza pale njia inapoonekana imebanwa kwa kiasi cha kati, yaani takribani asilimia 50 hadi 70. Chokaa nyingi hung'aa kwenye picha na kuonekana kubwa kuliko ilivyo, na hata kipimo sahihi cha upana hakielezi kama msuli ulio mbele ya hapo unateseka mgonjwa anapopanda ngazi. Utafiti wa FAME, uliochapishwa mwaka 2009, ulilipa jambo hili uzito: wagonjwa waliowekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia ateri iwe wazi) kwa kufuata kipimo cha shinikizo la damu ndani ya ateri walitumia stenti chache zaidi, na mwaka mmoja baadaye walikuwa wamepata madhara machache kuliko wale ambao madaktari wao walitegemea picha ya umbo peke yake.

Picha ya pili hutoka katika tiba ya nyuklia. Mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha dawa ya mionzi, kama teknetiamu-99m kwa SPECT au rubidiamu-82 kwa PET (aina mbili za skani zinazonasa mionzi inayotoka mwilini), akiwa amepumzika na tena baada ya moyo kushurutishwa kwa mazoezi au kwa dawa. Sehemu isiyopata damu ya kutosha hufifia. Hata hivyo, SPECT ya kawaida hulinganisha sehemu za moyo uleule, kwa hiyo ateri zote tatu kuu zikibanwa kwa kiwango kinachokaribiana, picha inaweza kuonekana nzuri ilhali hatari ni kubwa. PET husaidia hapa, kwa kuwa hupima mtiririko wenyewe kwa mililita kwa kila gramu ya msuli kwa dakika.

Kwa maoni yangu, faida kubwa zaidi ya kuunganisha ni kuujua mshipa unaohusika na tatizo. Ramani za vitabuni hugawa ukuta wa chini wa moyo kwa ateri ya kulia, lakini kuna watu ambao ukuta huo hulishwa na tawi la ateri ya kushoto. Anayesoma picha ya nyuklia peke yake anaweza kuulaumu mshipa usiohusika, na stenti ikawekwa mahali ambapo haitaondoa shida. Ndiyo maana ulinganifu wa picha hizo mbili hukaguliwa kwa makini: pumzi ya mgonjwa huusogeza moyo, na milimita chache zinatosha kuhamisha doa hadi kwenye eneo la mshipa wa jirani.

Uchunguzi huu hautolewi kwa kila mwenye maumivu ya kifua, kwa sababu huongeza mionzi na gharama, na dawa ya ayodini huhitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu. Kwa kawaida CT skani hutangulia. Ikiwa safi, uchunguzi wa ateri huishia hapo, na picha ya nyuklia huombwa pale tu jibu la kwanza linapoacha shaka.